Asiye na mdomo, anayelisha udongo

Oktoba 2019 bustani ya wanyama ya Paris iliweka kwenye maonyesho kiumbe wa rangi ya manjano asiye na ubongo, macho, mdomo wala tumbo. Magazeti ya dunia yakamdaka, na swali likawa moja: anafikirije? Swali hilo lilikuwa limeanza zamani. Mwaka 2000 Toshiyuki Nakagaki na wenzake nchini Japani walionyesha kwamba ukungu wa ute aina ya Physarum polycephalum, ambaye ndiye kiumbe huyo wa Paris, hupata njia fupi kuliko zote ndani ya mzingile. Mwaka 2010 Atsushi Tero na wenzake wakapanga chembe za oti kwa kufuata ramani ya miji inayoizunguka Tokyo. Kiumbe yuleyule akaziunganisha kwa mtandao wa mishipa usioachwa mbali na reli halisi za eneo lile kwa ufanisi, kwa gharama na kwa uwezo wa kuhimili hitilafu.

Kazi hizo ni nzuri na sina ugomvi nazo. Nina ugomvi na namna tulivyozisoma. Kwenye mzingile wa Nakagaki kulikuwa na chakula kwenye ncha zote mbili. Kwenye ramani ya Tokyo kila mji ulikuwa mlo. Ondoa oti, na hutaona njia fupi wala reli. Tumemsifu kiumbe huyu kwa kichwa ambacho hana, tukasahau kwamba mwili wake mzima ni tumbo, na kwamba maajabu yote tunayoyasimulia yanatoka kwenye jinsi anavyotafuta chakula, anavyokimeza na anavyokisambaza mwilini. Tena kwetu sisi tunaoishi kwa kulima, uzito wa jambo hauko kwenye mzingile hata kidogo. Uko chini ya majani yanayooza, mahali ambapo ulaji wa kiumbe huyu unawagusa bakteria, kuvu, wadudu na mizizi ya mimea.

Tumtoe kwanza kwenye ukoo usio wake. Jina linasema ukungu, na Robert Whittaker alipopanga viumbe katika himaya tano mwaka 1969 alimweka pamoja na kuvu. Lakini Anton de Bary, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, alikwisha kusema tangu mwaka 1859 kwamba viumbe hawa wako karibu zaidi na wanyama wadogo kuliko kuvu, na uchunguzi wa vinasaba umekuja kumpa haki yake: ni jamaa wa amiba. Tofauti kubwa iko kwenye ulaji. Seli ya kuvu imefungiwa ndani ya ukuta mgumu wa kaitini, kwa hiyo haiwezi kumeza kitu. Inatema vimeng'enya nje, chakula kinayeyukia hukohuko, kisha inafyonza. Ukungu wa ute, katika hatua yake ya kula, hana ukuta huo. Anamfuata mlo wake na kumzingira.

Ukungu huu huanza maisha kama amiba, kiumbe mdogo wa seli moja. Hebu tumtazame kwa darubini amiba mmoja anapokutana na bakteria. Upande ulioelekea windo unachomoza. Mikono miwili ya ute inapita kushoto na kulia, inakutana upande wa pili na kuungana, na bakteria anabaki ndani ya kifuko kilichotokana na ngozi ya nje ya amiba mwenyewe. Kifuko kinazama ndani. Vifuko vingine vidogo, vilivyobeba tindikali na vimeng'enya, vinakuja kujimimina humo. Ukuta wa bakteria unapasuka, protini zake zinakatwakatwa kuwa asidi amino, wanga unakuwa sukari, na virutubisho vinapenya kutoka kwenye kifuko kuingia mwilini. Kisichomeng'enyeka kinasukumwa nje. Chembe nyeupe za damu zinazotulinda dhidi ya maradhi huwameza vijidudu kwa namna hiyohiyo.

Amiba wawili wanaofaana wakiungana, maisha yanabadilika. Kiini cha seli kinagawanyika, vinakuwa viwili, vinne, vinane, lakini seli yenyewe haigawanyiki. Inakua tu. Mwisho unapata seli moja yenye mamilioni ya viini, utando unaoonekana kwa macho na unaoweza kufunika sehemu kubwa ya gogo. Utando huo unakula kwa njia mbili kwa pamoja. Unameza vitu vidogo, yaani bakteria, hamira, spora za kuvu na mwani. Kwa mlo mkubwa kama uyoga au chembe ya oti, unautandaza mwili wake juu yake, unatema vimeng'enya, kisha unakunywa kilichoyeyuka kidogo kidogo kupitia vifuko vyembamba mno. Maabara zimeweza kuukuza Physarum katika mchuzi wa virutubisho peke yake, bila bakteria hata mmoja ndani yake, na hilo linathibitisha kwamba uwezo wa kufyonza vilivyoyeyuka ni wa mwili wenyewe.

Chakula kilichoingia pembeni kinafikaje upande wa pili wa mwili? Weka utando chini ya darubini uone. Ndani ya kila mshipa chembe ndogo zinakimbia kuelekea upande mmoja, mwendo unapungua, zinasimama, kisha zote zinageuka na kurudi zilikotoka. Baada ya dakika moja au mbili zinageuka tena. Kasi yake inaweza kupita milimita moja kwa sekunde, ambayo ni kubwa sana kwa kitu kilicho ndani ya seli. Kinachosukuma ni kuta za mishipa zinazobana na kulegea kwa protini za aktini na mayosini, zilezile zinazokaza misuli yetu. Hakuna moyo. Mwili mzima unapiga mapigo, na mlo wa upande mmoja unakuwa wa wote.

Hapa ndipo ninaposema akili na ulaji wa kiumbe huyu ni kitu kimoja. Mwaka 2010 Audrey Dussutour na wenzake walimpa Physarum vyakula vyenye viwango mbalimbali vya protini na wanga. Alistawi zaidi pale protini ilipokuwa mara mbili ya wanga. Walipomwekea vyakula viwili, kimoja kimezidi protini na kingine kimezidi wanga, alijitandaza juu ya vyote viwili kwa viwango vilivyompa uwiano uleule. Nani alipiga hesabu? Hakuna aliyepiga. Sehemu ya utando iliyogusa chakula kizuri huongeza mapigo, ute wa ndani huvutwa kuelekea huko, na sehemu iliyogusa kibaya hunywea. Mwaka 2021 Mirna Kramar na Karen Alim nchini Ujerumani wakaongeza jambo ambalo mimi naliona zito kuliko mizingile yote: chakula kinapoguswa, kuna kemikali inayosambaa na kulainisha mishipa iliyo jirani, mishipa hiyo inapanuka, na upana huo unabaki. Kiumbe huyu hukumbuka alikokula kwa umbo la mwili wake.

Hukumbuka pia alikokosa. Utando unapohama huacha nyuma yake ute mwembamba unaong'aa, na mwaka 2012 Chris Reid na wenzake walionyesha kwamba unapokutana na ute huo tena huukwepa na kwenda kutafuta mahali papya. Kuna na kuzoea. Dussutour na wanafunzi wake waliweka kwinini au kafeini kwenye njia ya kuelekea chakula. Siku za mwanzo utando ulisita, ukapita kwa kijistari chembamba. Siku zilivyokwenda ukapita bila wasiwasi. Utando uliokwisha kuzoea ulipounganishwa na usiozoea, mshipa ukishajengeka kati yao, yule mgeni naye alivuka kama mzoefu. Mtu anaweza kuyaita hayo kujifunza, na sina pingamizi. Ninachoomba ni tusisahau kwamba somo lote lilihusu namna ya kukifikia chakula.

Tuwatazame majirani. Watu wengi hudhani ukungu wa ute unakula mti unaooza. Haumeng'enyi mti. Unawala wanaouozesha: bakteria na kuvu walioko ndani ya gogo. Badhamia utricularis, kwa mfano, hupanda juu ya uyoga unaoota kwenye magogo na kuumeng'enya akiacha mabaki tu. Kwa hiyo mahali pa kiumbe huyu katika msitu ni pa mwindaji, na idadi ya wanaoozesha miti hutegemea kwa sehemu yeye yuko wapi na ana njaa kiasi gani.

Naye huliwa. Kuna mbawakawa wa jenasi ya Agathidium ambao maisha yao yote yamejengwa juu ya ukungu wa ute: wakubwa wanakula, watoto wao wanakula, na spora zilizonasa mwilini mwao zinasafiri nao hadi gogo jingine. Katika jimbo la Veracruz, Meksiko, wako watu waliokuwa wakimkaanga Fuligo septica, ukungu wa ute mwingine, na kumla. Kwangu la kuvutia zaidi kuhusu Fuligo ni kwamba hukusanya zinki mwilini kwa viwango vikubwa mno, jambo linaloonyesha kwamba ufyonzaji wake hauishii kwenye sukari na protini.

Hadi hapa nimezungumzia wale wanaotengeneza utando mmoja mkubwa. Wako binamu zao ambao kila amiba hubaki na seli yake, na kati yao anayejulikana zaidi ni Dictyostelium discoideum, aliyeelezwa na Kenneth Raper mwaka 1935 baada ya kumpata kwenye udongo wa msitu huko North Carolina, Marekani. Amiba hawa huishi kila mmoja kivyake, wakila bakteria. Bakteria wakiisha, wenye njaa hutoa ishara ya kemikali, na maelfu kwa maelfu wanakusanyika kuwa kitu kinachotambaa mfano wa koa mdogo. Kikifika mahali penye mwanga, karibu moja ya tano ya amiba hao hufa na kuwa bua, na waliobaki hupanda juu na kuwa spora.

Mwaka 2011 Debra Brock, David Queller, Joan Strassmann na mwenzao walichapisha habari ambayo bado inanishangaza. Takriban theluthi moja ya koo za Dictyostelium zilizookotwa porini hazimalizi chakula. Zinaacha kula mapema, zinawabeba bakteria wakiwa hai ndani ya spora zao, na zikitua mahali pasipo na chakula zinawamwaga, bakteria wanazaana, mlo unapatikana. Hilo lina gharama. Mahali penye bakteria tele, koo hizo huzaa spora chache kuliko wale wanaokula hadi mwisho. Mahali pasipo na chakula zinawashinda. Watafiti waliita hicho kilimo cha mwanzo, na jina likashika.

Mimi nadhani jina hilo liliwapendelea amiba. Kazi zilizofuata, tena nyingi za kundi lilelile la watafiti, zilionyesha kwamba kinachowezesha ubebaji huo ni bakteria wa jenasi ya Paraburkholderia, ambao wengi wao hata hawaliki vizuri. Wanaingia ndani ya spora, na uwepo wao ndio unaowafungulia mlango bakteria wanaoliwa. Ukiwaua Paraburkholderia kwa dawa, amiba anaacha kubeba. Ukimpa amiba ambaye hakuwa nao, anaanza kubeba, na mara nyingi anaumia kuliko wale walioishi nao tangu zamani. Sasa nani amemfuga nani? Ushahidi ulivyo, naona ni sahihi zaidi kusema kwamba mvamizi na mwenyeji wamefikia mapatano ambayo yanamfaidi mwenyeji kwenye njaa na kumtia hasara kwenye shibe. Tena Paraburkholderia hao hao huwadhuru amiba wa koo nyingine wanaokuja kugombea chakula, kwa hiyo mwenye hasara ya ndani anapata silaha ya nje. Kuishi pamoja kwa namna hii hakuingii kwenye makundi mawili tunayofundishwa shuleni, la vimelea upande huu na la wasaidizi upande ule.

Na ndani ya yule koa kuna seli za ulinzi. Mwaka 2007 Adam Kuspa na wenzake walizieleza: zinazunguka mwilini, zinameza bakteria na sumu, kisha zinaachwa nyuma koa anaposonga. Koo zinazobeba bakteria zina seli chache za namna hiyo. Yaani ulaji uleule wa amiba, kwa wakati mmoja, ni chakula, ni kinga na ni mlango wa kuingilia wageni.

Turudi shambani, maana hapa ndipo hoja yangu inapouma. Bakteria wa udongo wamejaa nitrojeni. Amiba anapowala, sehemu kubwa ya kaboni anaichoma kupata nguvu, na nitrojeni inayomzidi anaitoa kama amonia. Mizizi iko pale pale, inafyonza. Mwaka 1985 Marianne Clarholm wa Sweden alionyesha kwamba ngano iliyooteshwa kwenye udongo wenye bakteria pamoja na wanaowala hupata nitrojeni nyingi kuliko iliyooteshwa kwenye udongo wenye bakteria peke yao. Jaribio hilo lilihusu walaji wa bakteria kwa ujumla, wala halikuutenga ukungu wa ute. Lakini amiba wa ukungu wa ute ni sehemu kubwa ya walaji hao katika udongo mwingi uliochunguzwa, na njia ya kula ni ileile. Bila mlaji, nitrojeni hubaki imefungwa ndani ya miili ya bakteria. Tunazungumza sana juu ya samadi, mboji na mbolea ya dukani. Juu ya wanaoifungua rutuba hiyo ili mmea uipate, karibu hatusemi kitu.

Kinyume chake, tunawapiga dawa. Mvua zikinyesha, utando wa manjano, mweupe au wa kijivu unapanda juu ya matandazo, juu ya nyasi, wakati mwingine juu ya majani ya mboga. Kesho yake umekuwa ganda, na ganda likiguswa linatoa vumbi jeusi la spora. Mwenye bustani anaona ugonjwa, anakimbilia duka la pembejeo, anarudi na dawa ya ukungu. Ugonjwa haupo. Physarum cinereum, anayependa nyasi, ametumia jani kama mahali pa juu pa kukaushia spora zake. Hatoboi jani wala hanyonyi utomvu, na madhara yake ni kuzuia mwanga kwa siku chache. Maji ya bomba yanatosha kumwondoa, au mwache, jua litamkausha. Pesa ya dawa imepotea, na dawa yenyewe inashuka kwenye udongo.

Tahadhari mbili ni za kweli na zisemwe. Spora za Fuligo zinaweza kuwasumbua watu wenye mzio na pumu, kwa hiyo wasilichokoe ganda kavu. Na vivimbe vya mizizi ya kabichi, vinavyoletwa na Plasmodiophora brassicae aliyeelezwa na Mikhail Woronin mwaka 1878, ni ugonjwa kamili. Zamani kiumbe huyo alihesabiwa kati ya ukungu wa ute, lakini ni wa ukoo mwingine kabisa na huishi ndani ya seli za mmea. Mkulima asichanganye.

Afrika Mashariki haikuanza jana katika somo hili. Mwaka 1991 Marja Härkönen na Tuomo Saarimäki wa Finland walichapisha uchunguzi wa kwanza wa ukungu wa ute wa Tanzania, Tarja Ukkola akafuata mwaka 1998 na kazi juu ya wale wa milima ya Usambara, na mwaka 2009 George Ndiritu wa Kenya na wenzake wakatoa orodha ya spishi za Afrika nzima. Naziheshimu sana kazi hizo. Ila zote zimejengwa juu ya vifuko vya spora, yaani hatua ambayo kiumbe ameshaacha kula. Zinatuambia nani yupo na yuko wapi. Kwa spishi nyingi za misitu yetu, hazituambii anakula nini, anashindana na kuvu gani, wala ni bakteria gani wanaosafiri ndani ya spora zake.

Kazi hiyo haihitaji maabara ya mamilioni. Mbinu ya chemba yenye unyevu inatumika tangu miaka ya 1930: kisahani chenye kifuniko, karatasi ya kuchujia chini, vipande vya ganda kavu la mti juu yake, maji safi hadi viloane, kisha unamwaga yanayozidi na kukagua kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa. Utando ukijitokeza, uhamishie kwenye agari (jeli ya maabara) isiyo na virutubisho na umwekee chembe ya oti upande mmoja na kipande cha uyoga wa msitu uleule upande wa pili. Sekondari yenye darubini moja inaweza kufanya hivyo. Chuo kinachofundisha kilimo kinaweza kwenda mbele zaidi na kulinganisha mchicha uliooteshwa kwenye udongo uliochemshwa ukarudishiwa bakteria peke yao na ule uliorudishiwa bakteria pamoja na amiba, kisha kupima nitrojeni iliyomo kwenye majani ya mimea yote miwili.